Shokapu Haikuwa Inavuja

Ipagala, Dodoma

Mwanangu Nyemo,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Sasa wewe bado hujawa mbali. Uko chumba cha pili, nakusikia ukigombana na zipu ya begi, ile niliyokwambia imekwisha meno ukanijibu "itafunga tu." Na mimi si mzima. Kwa hiyo mwanzo wa darasani umenishinda, na karatasi nilizoharibu jirani yetu Mama Ashura atafungia chapati zake kesho.

Mambo ya sweta, dawa za malaria, kutoweka hela zote mfuko mmoja, na kutokula kitu cha mtu usiyemjua ndani ya basi, shangazi yako ameshayasema yote. Mengine ameyarudia mpaka nikalionea huruma koo lake. Mimi siyarudii. Nataka kukuandikia habari za shokapu, ile ya mbele ya baiskeli yako. Usicheke. Najua hizi shokapu za upepo unazijua kunizidi, na huko Rwanda timu ya baiskeli imekuita uendeshe na kutengeneza, haikumwita baba yako. Lakini mimi lugha nyingine sina. Mtu aliyeshika spana tangu ujana wake, akitaka kusema jambo zito, mikono inatafuta kwanza kitu cha kushika.

Halafu kuna neno nililokwambia juzi. Nitalifikia. Niache nilifikie kwa mwendo wangu.

Unakumbuka siku ile baiskeli ilipofika? Ulikuwa kidato cha pili, mama yako ametuacha mwaka mmoja kabla yake. Yule bwana mrefu wa wizarani, aliyehamia huku kutoka Dar, aliisukuma mpaka kwenye banda letu, mbele imelala chini kabisa kana kwamba imepiga magoti. Akasema amepata uhamisho mwingine, hawezi kubeba kitu kibovu, nikiweza kuifufua ni yangu. Akaniachia na ile pampu ndogo yenye mshale. Nikamwambia, "Bosi, hapa hakuna baiskeli inayoshindikana." Mdomo wangu! Foki nilizokuwa nazijua mimi ni chuma kitupu. Zikipinda unanyoosha, zikikatika unachomelea, mwenye mkaa wake anapakia magunia anaondoka. Hii yenye upepo ndani ya miguu sikuwahi kuifungua hata siku moja, na sikutaka ajue.

Basi nikafanya anachofanya fundi wa tyubu. Kitu kinapoteza upepo? Kitie majini, mapovu yatakwambia tundu liko wapi. Nikaijaza, nikaizamisha nzima kwenye karai la maji, miguu yote miwili, nikachuchumaa kusubiri mapovu kama mtu anayevua samaki. Hakuna povu. Nikaongeza upepo, ndiyo kwanza ikazidi kulala. Nikapandwa na hasira, nikachukua spana nikafungua kifuniko cha juu bila kutoa upepo kwanza. Kile kifuniko kilivyoruka! Kilipiga bati, kikarudi, kikapita sentimita chache tu kutoka sikioni mwangu, na Mama Ashura pale kwenye chapati zake akapiga kelele, "Astaghfirullah! Baba Nyemo, unatengeneza baiskeli au bunduki?" Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza unacheka tangu msiba. Kwa ajili ya kile kicheko ningekubali kifuniko kinipige usoni.

Ndani kulikuwa na maji ya karai yamechanganyika na oili, rangi ya chai ya maziwa. Niliona aibu. Wewe ulichukua simu yangu, ukakaa nayo siku kadhaa ukimaliza bando langu kwa video za watu wanaoongea Kiingereza, halafu ukaja ukanieleza kwa mkaa, ukichora sakafuni. Ukasema, "Baba, ndani kuna vyumba viwili vya upepo, cha juu na cha chini. Kimpira cha katikati kimekatika. Upepo hautoki nje, ndiyo maana hukuona povu. Upo humo humo, ila umekaa upande usio wake, unaivuta chini. Ukizidi kujaza ndiyo unazidi kuizamisha." Kimpira chenyewe kidogo kuliko pete ya ndoa. Niliuangalia sana ule mchoro, maana nilijua pale bandani na mimi niko hivyo hivyo.

Hapo ndipo panaponilazimu kumwandika mama yako, na utanisamehe, sijawahi kukusimulia yote.

Ile ilikuwa siku ya soko Kibaigwa. Unajua nilivyokuwa nikienda kule msimu wa mahindi, kutengeneza mikokoteni na baiskeli za wapagazi, malori yamepanga foleni, kazi haiishi. Asubuhi mama yako alinipa chupa ya chai. Vidole vyetu vikagusana. Mkono wake ulikuwa wa moto, Nyemo. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Kichwa tu kinauma. Nenda, utachelewa lifti." Nikaenda. Njiani niliuwaza ule mkono mara moja, halafu dereva akaanza habari zake za kuchekesha, nikausahau. Simu ilikuwa kwenye koti, koti nimelitundika kwenye mkokoteni, kelele za soko unazijua. Niliporudi nilikuta viatu vingi mlangoni kwetu. Si lazima uambiwe kitu ukikuta viatu vingi mlangoni kwako.

Msibani watu wakasema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kwa huruma, lakini nilitaka kuwafukuza wote na majamvi yao. Hakuficha. Mkono wake niliugusa mimi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kupima. Wewe uliamka ukakuta kiganja changu kwenye paji la uso wako, ukadhani baba anakubembeleza. Nilikuwa nakupima joto. Ukikohoa, nilihesabu. Ukichelewa kutoka shule, nilifunga banda nikasimama njiani. Mama Ashura akaniambia, "Wewe baba, huyo mtoto utamtoboa kwa macho." Nikamjibu vibaya. Yeye alisema kweli, ila nilikuwa siwezi kusikia kweli ya mtu yeyote wakati ule.

Sasa njoo kwenye ile asubuhi ya mashindano, kule kwenye vilima vya mawe nyuma ya mji. Yote unayajua, nilisema kosa langu pale pale, mbele ya kocha wako na watu wote, kwa hiyo siandiki ili unilaumu upya. Naandika kwa sababu nilikwambia nilichofanya lakini sikukwambia kwa nini.

Usiku uliotangulia uliijaza shokapu mwenyewe, ukasoma mshale, ukaifungua pampu kutoka kwenye shokapu, ukalala. Alfajiri wewe unakunywa uji, mimi nikaenda kuipima. Mshale ukaonyesha pungufu. Nikafungua pampu, nikasikia ile psss, nikaifunga tena kwenye shokapu kuhakikisha. Pungufu zaidi! Nikasema, basi, inavuja, mtoto anakwenda kushuka mawe na shokapu inayovuja. Ningekuita. Ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, kikombe mkononi. Lakini nilijisemea nisimtie wasiwasi, nitaimaliza mimi mwenyewe kimyakimya. Nikaijaza mpaka kiasi chako, halafu nikaongeza juu yake, ili hata ikivuja njiani ibaki ya kutosha. Akiba haiozi, ndivyo nilivyosema moyoni, na nikajiona baba mwenye akili. Ndivyo ninavyofanya kwa baiskeli za mkaa: tairi unaijaza kuzidi, kwa kuwa unajua mzigo unakuja.

Ulipofika kwenye mteremko wa mawe, gurudumu la mbele halikumeza hata jiwe moja. Liliruka. Nilikuwa nimesimama chini na chupa ya maji, nikakuona ukitoka juu ya usukani, na baiskeli ikakufuata. Sauti ya mfupa wako sikuisikia, nilikuwa mbali, lakini huwa naisikia mpaka leo.

Halafu ukafanya kitu ambacho hata mama yako angekifanya. Mkono uliovunjika bado umefungwa plasta ya piopi, ukaja bandani, ukaniambia, "Baba, njoo uone, usije ukajilaumu bila kujua." Ukaijaza kwa mkono mmoja, mimi nimeshika baiskeli. Ukasoma mshale. Ukafungua pampu, psss. Ukaifunga tena papo hapo, mshale ukaonyesha pungufu. Ukasema, "Umeona? Ile psss ni upepo wa ndani ya mpira wa pampu, si wa shokapu. Lakini ukiifunga tena, mpira wa pampu ni mtupu, lazima unywe kwanza. Unakunywa kutoka kwenye shokapu. Haikuwa inavuja, Baba. Ni wewe uliyekuwa unaitoa upepo kila ulipoipima."

Ulisema kuhusu shokapu tu. Hukuwa na maana nyingine, nakujua, wewe si mtu wa mafumbo. Mimi pia nilielewa habari za shokapu tu. Nilichukua muda mrefu, mpaka juzi hivi, kuelewa mengine.

Maana baada ya pale ndiyo nilizidi. Ungetegemea mtu ajifunze, sivyo? Wapi! Ulipopona ukarudi kuendesha, nikawa napiga simu kabla hujafika popote. Nilikuwa na namba ya kocha, ya wale vijana mnaofanya nao mazoezi, ya muuza maji pale njia panda. Hata yule dada wa duka la dawa nilimwachia namba yangu, akuone unapita anitumie ujumbe. Nilijua unapita saa ngapi kuliko wewe mwenyewe. Na kila nilipopiga ulikuwa unajibu kwa maneno machache zaidi. Zamani ulikuwa ukirudi unanisimulia: umeona korongo wangapi, nani kapata pancha, nani kalia kwenye mlima. Halafu ikawa "nimefika." Halafu ikawa "ndiyo." Mimi nikasema, mtoto ana jambo anaficha. Nikaongeza kupima.

Siku ya barabara ya Bahi sitaisahau. Uliniaga unakwenda mazoezi marefu, utarudi mchana. Nikavumilia kidogo, halafu nikachukua bodaboda nikakufuata. Nilimwambia yule kijana abaki nyuma ya lori la ng'ombe usituone. Mtu mzima na mvi zangu, nimejificha nyuma ya lori, navuta harufu ya kinyesi cha ng'ombe, nachungulia mwanangu! Lori likakata kushoto likaingia njia ya vumbi. Tukabaki wazi kabisa, mimi na bodaboda, nyuma yako. Ukageuka.

Nilidhani utanikaripia. Uliilaza baiskeli, ukakaa chini ukingoni mwa lami, ukalia. Ukasema, "Baba, mimi si mama." Hakuna kingine ulichosema. Yule kijana wa bodaboda akazima pikipiki akaangalia pembeni. Nilitaka kuja kukaa karibu nawe, sikuthubutu. Nikapanda bodaboda nikarudi mjini. Nilikuacha peke yako unalia barabarani, mimi niliyekuwa nakufuata ili usiwe peke yako.

Kwa hiyo barua ya Rwanda ilipokuja, niliisoma nikajua umeomba mbali makusudi. Sikukulaumu. Nililia chooni, bomba nimelifungua. Na juzi mezani, ugali wa uwele na mlenda uliopika mwenyewe viko mbele yetu, ukasema taratibu, kama mtu aliyeifanyia mazoezi ile sentensi, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Nikiwa kule usinipigie. Nitakuwa napiga mimi. Siwezi kujifunza kuendesha huku nikisikia unaogopa."

Na mimi nikasema lile neno. Nilisema, "Basi nenda, na ukifika sahau kama una baba."

Mungu wangu. Mzazi kumwambia mtoto anayefunga begi. Ukatoa vyombo. Tangu hapo tunapitana humu ndani kama wapangaji. Jana umepita na ndoo, nimepita na spana, kila mtu anampisha mwenzake mlangoni kwa heshima kubwa. Shangazi yako akauliza, "Ninyi mna nini?" Tukajibu kwa pamoja, "Hakuna kitu." Hata hapo tulifanana, ingekuwa wakati mwingine tungecheka.

Sasa nisikilize. Bibi yako wa Bahi, mama yangu, alikuwa na ulimi wa pilipili, nami nimeurithi. Lakini alikuwa na desturi yake. Akimtolea mtoto neno baya na yule mtoto ana safari, hakumwacha aondoke nalo. Alikuwa anachukua maji mdomoni, anasimama mlangoni, anayatema chini nje, anasema, "Nimelitema. Lisikufuate." Mimi alinitemea mara nyingi, maana tuligombana sana, na nilikuwa nacheka. Siku niliyoondoka Bahi kuja kujifunza ufundi mjini tuligombana juu ya mbuzi mmoja mjinga, akanitemea mpaka maji yakanirukia miguuni. Sikucheka siku hiyo.

Leo jioni uliniona natema maji mlangoni ukasema, "Jamani Baba, si nimedeki hapo sasa hivi?" Nikasema samahani. Nilitaka kukwambia nafanya nini, nikaishia hapo. Basi ndiyo nakwambia. Nimelitema, Nyemo. Lile neno si lako, ni langu, limebaki hapa mlangoni. Una baba. Ukilala una baba, ukishinda una baba, ukishika mkia una baba. Usisahau hata saa moja.

Huko kuna matope, wanasema, na mvua zisizoisha. Shokapu yako imezoea vumbi letu, na vumbi linaua kwa njia yake, linakaa chini ya ule mdomo wa mpira na kukwaruza kidogokidogo mpaka oili inaanza kuchungulia. Matope sijui yanaua vipi, utajifunza na utanifundisha ukipenda. Ninachokijua ni kimoja, ulinifundisha mwenyewe ukanisahihisha hadi nikakishika. Baada ya kujaza, kaa juu ya baiskeli kwanza uone inazama kiasi gani. Lazima izame kidogo. Ile isiyozama kabisa ukiikalia, inayojifanya ngumu, ndiyo inayomtupa mtu. Tangu mama yako aondoke mimi nilijijaza nikawa hivyo. Sikulia mbele yako hata mara moja, nikidhani nakulinda. Wewe ukabaki unalia peke yako chumba cha pili, na mimi peke yangu huku, ukuta katikati. Tungelia pamoja, mwanangu. Kwa hilo najuta kuliko hata ule mteremko wa mawe.

Usije ukadhani nakwambia mtu asipime. Ningeupima mkono wa mama yako vizuri asubuhi ile, labda angekuwa ndiye anayekufungia begi sasa hivi, na zipu angeibadilisha tangu wiki iliyopita. Nilipoacha kupima nikampoteza yeye. Nilipopima kupita kiasi nikakupoteza wewe. Kiasi chenyewe ni kipi? Sijui, Nyemo. Nimezeeka na sijui. Mtu akikwambia anajua, huyo hajafiwa. Ila nimeona hivi: mara zote mbili nilikuwa simuulizi mwenyewe vya kutosha. Kwa mama yako niliridhika na jibu la kwanza nikakimbilia lifti. Kwako nilipima kila kitu, nikaulizia watu wote hadi muuza maji, na wewe mwenyewe, umesimama pale na kikombe cha uji, sikukuita. Neno moja tu, "Nyemo, njoo uangalie," mkono wako usingevunjika.

Ukiwa na watu wako huko, waulize wenyewe. Na wakikwambia "kichwa tu," kaa nao dakika moja zaidi. Dakika moja, si siku nzima nyuma ya lori.

Ombi lako nimelikubali. Sitapiga. Namba ya kocha nimeifuta, Mama Ashura ni shahidi, aliishika simu kuhakikisha na akanicheka. Namba ya timu ya huko nilikuwa nimeshaiomba kwa siri, nayo nimeifuta. Yako sikuifuta, usinidai hilo. Itakaa pale nami sitaigusa. Kutakuwa na jioni nitakazoweka simu kwenye sanduku la spana nikafunga kufuli, najijua.

Wewe piga unapotaka. Usipige kwa kunihurumia. Ukikaa mwezi bila kupiga, nitajua unaendesha, nitakula, nitalala, nitaamka kufungua banda. Hapo nimedanganya kidogo, sitalala. Lakini kutolala kwangu si kazi yako kukutibu. Na ukianguka, maana utaanguka, kila anayeshuka mawe huanguka, niambie au usiniambie, utakavyoona wewe. Ukiniambia, nakuahidi nitauliza swali moja, halafu nitanyamaza nikusikilize mpaka umalize. Nimelifanyia mazoezi kwa Mama Ashura. Anasema bado namkatiza.

Nimesikia zipu imefunga. Umeishinda, hongera.

Basi kesho alfajiri shangazi yako atakupeleka stendi, mimi nitabaki hapa mlangoni. Usinilazimishe kuja. Nikifika kwenye lile basi nitaanza kukagua matairi, nitamhoji dereva amelala saa ngapi, nitakuaibisha. Utatoka na begi, utanipa shikamoo, nami nitasema marahaba. Sitaongeza kitu. Sitakuuliza umekula, umebeba maji, mnafika saa ngapi. Nitayafunga meno yangu na nitageuka niingie ndani kabla hujafika barabarani, na wewe utasikia mlango unafungwa. Usije ukaondoka ukidhani baba yako hajali. Nitakuwa nyuma ya huo mlango, mwanangu, nimeushika kwa mikono yote miwili ili nisiufungue.

Baba yako.